Kiwavi Aliyetoka Kwenye Mafunjo

Katika elimu ya wadudu, mmea ambao mdudu huutagia mayai, na ambao watoto wake huula na kukulia ndani yake mpaka wanapoota mbawa, huitwa mmea mwenyeji, na orodha ya mimea ya namna hiyo kwa mdudu mmoja hueleza mengi kuliko picha yake: hueleza alikotoka, anakojificha shamba linapokuwa limevunwa, na kwa nini huonekana katika bonde hili asionekane katika bonde la jirani. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa Afrika Kusini mwaka 2017 na ambaye wakulima wa mahindi wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa habari zake, ana orodha ya mamia ya mimea, na kwa sababu hiyo orodha yake haimsaidii sana mtafiti, kwa kuwa mlaji wa kila kitu hana mahali maalumu pa kutafutwa. Kiwavi anayezungumziwa hapa ni wa aina nyingine. Yeye ndiye adui mkubwa wa miwa katika mashamba ya pwani inayouzunguka mji wa Durban, lakini orodha ya mimea yake, ikisomwa kwa mpangilio wa historia, huanzia vinamasini, miongoni mwa mafunjo na ndago, na jina la muwa huja mwishoni, mfano wa mgeni aliyeandikwa pembeni mwa daftari baada ya hesabu kufungwa.

Jina lake la kitaalamu ni Eldana saccharina, na wakulima wa jimbo la KwaZulu-Natal humwita Eldana tu, kama watu wanavyomtaja jirani waliyemzoea na kumchoka. Msafiri atokaye Durban kuelekea kaskazini kwa barabara ya pwani hukutana na miwa mara nyumba zinapoanza kupungua, ikiwa imepanda vilima na kushuka mpaka kingoni mwa vijito, na hapo Mount Edgecombe, ndani ya eneo la jiji lenyewe, ndipo ilipo Taasisi ya Utafiti wa Miwa ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1925 kama kituo cha majaribio cha sekta ya sukari. Bandarini, upande wa Maydon Wharf, yako maghala ya sukari yaliyofunguliwa mwaka 1965, yenye nafasi ya zaidi ya tani 500,000. Kilimo kinachoyajaza maghala hayo hutegemea mashamba makubwa ya biashara pamoja na wakulima wadogo zaidi ya 20,000, na sehemu kubwa ya miwa ya pwani na ya nyanda za kati za jimbo hilo hunyeshewa na mvua peke yake, jambo ambalo litakuja kuwa na maana katika maelezo yanayofuata.

Nondo wa Eldana, yaani mdudu mzima mwenye mbawa, hana la kutazamwa. Ni mdogo, mwenye rangi ya majani makavu na vidoa viwili vya giza kwenye kila bawa la mbele, huruka usiku, na mchana hutulia kwenye takataka za shamba asitofautike nazo. Tabia yake ya uchumba ndiyo imewavutia wataalamu, kwa kuwa katika nondo wengi jike ndiye anayetoa harufu ya kumwita dume, ilhali kwa Eldana dume ndiye anayeita, kwa sauti na kwa harufu itokayo kwenye tezi za mbawa zake, na mojawapo ya kemikali za harufu hiyo ilipotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipewa jina lake: eldanolidi.

Kinachomfichua ni bua. Mkaguzi wa shamba akiibandua ala kavu, yaani sehemu ya chini ya jani inayolikumbatia bua, hukuta tundu dogo la duara, na mdomoni mwa tundu hilo punje za kahawia zilizoshikana, mithili ya unga wa msumeno uliolowa. Hicho ni kinyesi cha kiwavi, ambacho yeye hukisukuma nje ili njia yake ibaki wazi. Bua likipasuliwa kwa urefu, nyama yake nyeupe huonekana imechimbwa handaki kutoka pingili moja hadi nyingine, na kingo za handaki hilo zimegeuka nyekundu kwa sababu ya kuvu walioingia kwa mlango uliofunguliwa na kiwavi. Ndani yake yumo mwenyewe, wa rangi ya kijivu inayokaribia weusi, mwenye kichwa cha hudhurungi, na anayemjua hamtambui kwa rangi bali kwa wepesi, maana akiguswa tu hujipinda kwa nguvu, hukimbia kinyumenyume na kujirusha nje ya bua, ilhali viwavi wengine wanaotoboa mashina hujikunja na kungoja. Wakaguzi hupasua mabua namna hiyo shamba baada ya shamba, na hesabu yao hutajwa kwa idadi ya viwavi katika kila mabua 100, ambayo ndiyo lugha ya pamoja kati ya mkulima, mtafiti na kamati za kudhibiti wadudu na magonjwa za kila eneo.

Mdudu huyu alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1865 na Mwingereza Francis Walker, kwa vielelezo vilivyotoka Sierra Leone, na yumo katika tawi moja na nondo wa nta, yule ambaye wafugaji wa nyuki humkuta ameyageuza masega kuwa utando. Makazi yake ni Afrika iliyo kusini mwa Sahara, kutoka Afrika Magharibi hadi Ethiopia, na kutoka Uganda na Tanzania hadi KwaZulu-Natal. Hakuletwa na meli, hakuja na mbegu za msaada, na wala hakuvuka bahari yoyote. Aliyevuka bahari ni muwa. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba muwa mtamu unaopandwa mashambani asili yake ni New Guinea, ukasambaa kupitia Asia na visiwa vya Bahari ya Hindi, na katika pwani ya Durban kilimo chake cha biashara kilianza karibu mwaka 1850, Edmund Morewood alipoanzisha shamba na kinu chake mahali paitwapo Compensation. Tarehe 16 Novemba 1860 meli iitwayo Truro iliteremsha bandarini Durban kundi la kwanza la vibarua wa mkataba kutoka India, walioletwa kwa ajili ya mashamba hayo hayo, na tangu hapo vilima vya pwani vikavishwa mmea mmoja. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja kweli, na mwenyeji aliyepona ni kiwavi.

Chakula chake cha asili, katika mashariki na kusini mwa Afrika, ni mimea ya ukoo wa ndago, ambao hufanana na nyasi kwa mbali lakini hutofautiana nazo kwa bua lake, ambalo kwa aina nyingi lina pembe tatu na halina mafundo. Mkubwa wa ukoo huo ni mafunjo, yale yale yanayozunguka ghuba za Ziwa Viktoria na kujaza mabonde ya Uganda, na ambayo huko KwaZulu-Natal huota katika vinamasi vya pwani. Wa pili kwa umuhimu ni aina ya ndago ndefu iitwayo kitaalamu Cyperus dives, ambayo haingoji kinamasi kikubwa, kwa kuwa huridhika na mtaro, kingo za bwawa au mahali popote maji yanaposimama kwa muda. Katika ukoo huo imo pia ikhwane, ambayo wanawake wa Kizulu huivuna na kusukia mikeka ya kulalia. Kusini mashariki mwa Zimbabwe, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulimkuta Eldana katika miwa, katika aina nyingine ya ndago, na pia katika mmea wa majini wenye vichwa vya kahawia vinavyofanana na mishumaa, unaojulikana kwa jina la Typha. Mwanasayansi P.R. Atkinson, aliyekuwa akifanya kazi Mount Edgecombe, ndiye aliyeiweka habari hii katika mpangilio kwa KwaZulu-Natal, kwa maandishi yake ya mwaka 1979 na 1980 juu ya mimea wenyeji ya asili na mahali nondo huyu anapotagia, na mtu akitaka kuelewa mdudu huyu, hapo ndipo pa kuanzia.

Swali linalofuata ni kwa nini mdudu aliyezoea mafunjo ameona muwa unafaa, ilhali mimea hii miwili ni ya koo tofauti. Jibu la haraka litakuwa sukari, na ndilo jibu ambalo watu wengi hulitoa, lakini halitoshi, kwa sababu anayechagua mmea si kiwavi anayekula bali ni jike la nondo, ambalo halionji sukari hata kidogo. Jike hutafuta mahali pa kuficha mayai. Ana kitagio kirefu, yaani kiungo cha kutagia, ambacho hukipenyeza kwenye mikunjo ya majani makavu, na huko huweka mayai kwa mafungu, mahali ambapo jua na sisimizi hawafiki kwa urahisi. Jani bichi, lililonyooka na lenye utelezi, halimfai. Kwa hiyo kinachounganisha mafunjo, ndago na muwa ni mambo mawili yaliyokutana: bua nene lenye nafasi ya kiwavi kukulia, na majani yaliyokufa ambayo mmea haujayadondosha. Mafunjo yana magamba makavu chini ya mabua yake na kichala cha nyuzi juu, na viwavi hupatikana kote kuwili. Muwa nao, unapokua, huacha majani yake ya chini yakauke yakiwa yamelikumbatia bua, na baada ya mwaka mmoja bua zima huwa limevaa vazi la mikunjo, kana kwamba limetengenezwa kwa makusudi ya Eldana.

Jambo hilo moja likishaeleweka, mengi yaliyoonekana kama mikosi ya mkulima hujieleza yenyewe. Muwa mchanga hushambuliwa kidogo kwa kuwa bado ni wa kijani hadi chini, na muwa mzee hushambuliwa sana kwa kuwa mavazi yake makavu yameongezeka. Mwaka wa ukame huwa mwaka wa Eldana, kwa sababu mmea wenye kiu huua majani yake mengi zaidi ili kupunguza matumizi ya maji, na hapo ndipo shamba linalotegemea mvua hupata hasara mara mbili, kwanza ya ukame wenyewe na kisha ya kiwavi. Mahindi huvamiwa yanapokaribia kukauka, si yanapokuwa na majani mabichi. Tena mdudu huyu hana kipindi cha usingizi wa msimu, ule ambao viwavi wengi huutumia kuyapitisha majira magumu wakiwa wamelala, hivyo mwaka mzima huhitaji bua la kukaa, na mimea inayomhakikishia bua hilo kila mwezi, hata miwa ikiwa imekatwa yote, ni ile ya kinamasini.

Katika miwa ya Afrika Kusini aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1939, katika bonde tambarare la mto Umfolozi, karibu kilomita 200 kaskazini ya Durban. Mahali penyewe panatosha kuwa ushahidi. Bonde hilo, kabla ya karne ya 20, lilikuwa kinamasi kikubwa cha mafunjo na matete, ambacho katika miongo ya mwanzo ya karne hiyo kilichimbwa mifereji, maji yakaondolewa, na udongo wake mweusi ukapandwa miwa, ikiachwa mpaka ipevuke vizuri. Mdudu alinyang'anywa mabua yake akapewa mengine, manene zaidi, matamu zaidi na mengi kuliko alivyowahi kuyaona katika historia yake yote. Uvamizi ule ulidumu kwa miaka kadhaa kisha ukafifia, hata ikadhaniwa kwamba mambo yamekwisha, lakini mwaka 1970 akaonekana tena, safari hii Hluhluwe, na kutoka huko akateremka kusini shamba kwa shamba katika muongo ule, akaifikia pwani ya Durban na kuipita. Miaka ya baadaye ameanza kupanda nyanda za kati, ambako baridi ilidhaniwa itamzuia, na ambako wakulima walikuwa na desturi ya kuuacha muwa shambani hadi miezi 24 kabla ya kuukata.

Lipo jambo ambalo huwashangaza wanaoingia kinamasini kwa mara ya kwanza kumtafuta kiwavi huyu: yumo, lakini hafanyi uharibifu wa kutisha. Mafunjo hayaanguki, ndago hazikauki, na vizazi vya nondo hupita bila mtu yeyote kugundua. Sehemu ya sababu ni kwamba huko ana maadui waliomzoea kwa muda mrefu. Mtafiti Des Conlong wa Mount Edgecombe na wenzake, katika uchunguzi walioufanya kwenye mafunjo miaka ya 1980, walimkuta nyigu mdogo mweusi aliyepewa jina Goniozus natalensis, ambaye huingia ndani ya handaki la kiwavi, humchoma kwa mwiba wake mpaka akapooza, kisha hutaga mayai juu ya mwili wake, na watoto wa nyigu wakianguliwa humla akiwa hai lakini hana uwezo wa kujitetea. Wadudu wa namna hii, ambao hukulia juu ya mdudu mwingine au ndani yake na mwishowe kumuua, huitwa vimelea-wauaji. Kiwavi alipohamia kwenye miwa, maadui zake wengi hawakumfuata kwa wingi ule ule, na haya ndiyo yanayoweza kuitwa matunda halisi ya orodha ya mimea wenyeji: haikuonyesha tu mdudu anakaa wapi, ilionyesha pia ni wapi pa kuwatafuta wanaomla. Maabara ya Mount Edgecombe ilizalisha nyigu hao na kuwaachia mashambani, na mafanikio hayakuwa makubwa kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa shamba la miwa si kinamasi, na nyigu aliyezoea kumtafuta kiwavi kwenye mafunjo hana sababu ya kumtafuta kwenye bua lisilonukia kama mafunjo.

Ugumu huo ulizidi kueleweka pale Eldana wa sehemu mbalimbali za Afrika walipolinganishwa. Huko Afrika Magharibi mdudu huyu ni adui wa mahindi, na huko ana vimelea-wauaji ambao Eldana wa kusini hana, miongoni mwao nzi aitwaye Sturmiopsis parasitica, aliyeletwa Afrika Kusini kujaribiwa. Uchunguzi wa vinasaba, ulioongozwa na Yoseph Assefa na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba ndani ya jina moja la Eldana saccharina mna makundi kadhaa yaliyotengana kwa muda mrefu, na kwamba Bonde la Ufa ni mojawapo ya mipaka iliyoyatenganisha. Kwa maneno mengine, adui aliyezoea Eldana wa Afrika Magharibi amezoea mdudu ambaye kwa tabia, kwa mmea anaokaa na hata kwa damu si yule yule wa Durban, na mtu akishangaa kwa nini hakumaliza kazi aliyoitiwa, atakuwa anashangaa jambo lililopaswa kutarajiwa.

Hali ya mmea wenyewe nayo ina neno. Muwa uliolishwa mbolea nyingi ya naitrojeni huwa laini na wenye lishe kwa kiwavi, jambo ambalo Atkinson alilionyesha tena mwaka 1989 akiwa na mwenzake, na muwa ulioongezewa silikoni, madini ambayo mmea huyaweka kwenye ganda lake na kuligeuza kuwa gumu, humchelewesha kiwavi mchanga nje ya bua, mahali ambapo sisimizi humpata. Hata wale kuvu wanaolitia bua wekundu hawafanani, kwa kuwa watafiti wa Mount Edgecombe wamegundua kwamba baadhi ya aina za Fusarium humsaidia kiwavi kukua na nyingine humdhoofisha.

Mkulima wa pwani, akiwa hana subira ya kungoja nyigu, amejifunza njia ya mkato, ambayo ni kukata muwa mapema. Badala ya kuuacha miezi 16 au 18, huukata ukiwa na takriban miezi 12, kabla vazi la majani makavu halijawa zito na kabla idadi ya viwavi haijapanda. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ni ghali kwa namna isiyoonekana kwa macho, kwa sababu mkulima wa Afrika Kusini halipwi kwa uzito wa miwa peke yake, hulipwa kwa kiasi cha sukari kinachoweza kupatikana ndani yake, na muwa uliokatwa mchanga haujamaliza kujaza sukari yake. Hasara iliyo kubwa ya Eldana, kwa mtazamo huo, haimo katika mabua aliyoyatoboa, imo katika miezi ambayo mkulima ameacha kuingoja kwa kumhofia. Wengine huambua majani makavu kwa mikono, kazi inayohitaji vibarua wengi na glavu nzito, maana majani ya muwa hukata ngozi kama wembe.

Fikra ya kuirudisha mimea ya kinamasi katika vita hivi ilipata nguvu kutoka Kenya. Huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kwa kushirikiana na watafiti wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza kiliandaa katika miaka ya 1990 mbinu ya sukuma-vuta kwa ajili ya mahindi, ambayo wakulima wengi wa Kenya magharibi wanaifahamu: mmea mmoja ndani ya shamba huwafukuza nondo kwa harufu yake, na mwingine pembezoni huwavuta. Mwaka 1997 Zeyaur Khan na wenzake walieleza katika jarida la Nature jinsi nyasi iitwayo Melinis minutiflora, ambayo ni ya asili ya Afrika, inavyotoa, bila hata kujeruhiwa, harufu inayofanana na ile ya mmea unaoliwa na viwavi, na kwa harufu hiyo nondo hukimbia ilhali nyigu vimelea-wauaji hukimbilia. Watafiti wa Durban waliichukua mbinu hiyo na kuibadilisha kwa mdudu wao. Nyasi hiyo ilipandwa kandokando ya njia za maji ndani ya mashamba ya miwa ili isukume, na kwa upande wa kuvuta, ambako Kenya hutumia mabingobingo, wao waliyarudia mafunjo na Cyperus dives, wakashauri mimea hiyo irejeshwe katika vinamasi na mitaro iliyo kando ya miwa, ili jike la nondo lipate mahali linapopapenda zaidi, na mahali penyewe pawe na maadui wa asili wanaowangoja watoto wake. Majaribio mengine yalitumia mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yawe na sumu ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambayo nondo huyatagia kama mahindi mengine na viwavi wake hufa humo. Hii ni njia inayowezekana Afrika Kusini, ambako mahindi hayo yanaruhusiwa, na isiyowezekana Tanzania, ambako hayaruhusiwi.

Ushauri wa kuyapenda mafunjo haukupokelewa na wote kwa mikono miwili. Mkulima aliyeelezwa kwa miaka mingi kwamba kinamasi ni ghala la mdudu, kisha akaelezwa kwamba kinamasi hicho hicho akirudishe, ana haki ya kuuliza ni lipi la kweli, na ukweli ni kwamba yote mawili yana msingi wake: ndago chache zilizobanwa kwenye mtaro katikati ya miwa, zisizo na maadui wa mdudu, huweza kumhifadhi tu, ilhali kinamasi chenye afya, chenye ukubwa wa kutosha na mchanganyiko wake wa viumbe, humvuta na kumpunguza. Tofauti hiyo haionekani kwa kutazama kutoka barabarani. Sheria ya Afrika Kusini ya kuhifadhi rasilimali za kilimo, ya mwaka 1983, tayari inawawekea wakulima mipaka ya kulima vinamasi, na katika nyanda za kati kaskazini mwa Pietermaritzburg wapo wakulima wakubwa walioipokea sukuma-vuta kwa sababu ya mdudu na wakakuta kwamba imewatimizia sheria pia, ingawa kwa mkulima mdogo, ambaye ukingo wa kijito ndio sehemu yenye rutuba kuliko zote alizonazo, hesabu si nyepesi hivyo.

Kwa Afrika Mashariki habari hizi si za ugenini. Eldana alichunguzwa katika miwa na mahindi ya Uganda na D.J. Girling katika miaka ya 1970, na hasara yake katika miwa ya Arusha Chini, karibu na Moshi, iliandikwa na J.N. Waiyaki mwaka 1974. Kituo cha utafiti wa miwa cha Kenya kiko Kibos, Kisumu, umbali mfupi kutoka kwenye mafunjo ya Ziwa Viktoria, na mabonde mengi ambako miwa inapanuliwa leo katika kanda hii ni mabonde yaliyokuwa na mafunjo jana. Wenye kupanga mashamba hayo wangefaa wapasue mafunjo kwanza na kuhesabu viwavi na nyigu waliomo, kabla ya trekta la kuchimba mifereji kufika.

Huko Durban kwenyewe mambo yanageukia upande mwingine. Kaskazini mwa jiji, uwanja wa ndege wa King Shaka ulifunguliwa tarehe 1 Mei 2010 juu ya ardhi iliyokuwa ya miwa, na jirani yake, katika kijiji cha Mount Moreland, kipo kinamasi cha matete ambacho, kwa sadfa ya kuchekesha, kinaitwa Lake Victoria, na ambako mbayuwayu kutoka Ulaya wamewahi kulala kwa mamilioni katika msimu wa kiangazi cha kusini. Nyumba, maduka na barabara zinaendelea kuchukua mahali pa miwa kwenye vilima vya Umhlanga na Cornubia, lakini mabonde yenye maji hayajengeki. Humo, kwenye ndago na mafunjo, Eldana ana chakula chake cha kale, muwa uwepo usiwepo.